Mtumba hauishii sokoni Mwanga

Nguo ya mtumba ikifika Kigoma imeshasafiri kuliko wengi wetu. Imevaliwa Ulaya, Marekani au China, ikachambuliwa, ikabanwa kwenye balo la kilo 45 au zaidi, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikapakiwa kwenye lori au behewa kwa zaidi ya kilomita 1,200 mpaka mwisho wa reli. Mbele ya hapo ni maji ya Ziwa Tanganyika. Yapo mabalo yanayopanda boti kwenda Kongo na Burundi, lakini yanayofunguliwa Mwanga, Gungu na Ujiji ni yetu. Tutayavaa, tutayafua, na siku moja tutayatupa. Mji wetu umekaa kwenye mteremko, na mvua ikinyesha kila kilichotupwa kinajua njia ya kwenda ziwani.

Kwamba mtumba una faida kwa mazingira, hilo halina ubishi mkubwa. Ubishi uko kwenye lini. Faida inapatikana pale shati la mtumba linapochukua nafasi ya shati jipya ambalo ungelinunua, kwa hiyo halikuhitaji kutengenezwa. Ukinunua mashati matano kwa sababu tu fungu ni la bei ya kutupa, ukavaa kila moja mara mbili na kuyaacha, hujaokoa chochote. Umehamisha taka ya mtu wa mbali ukaileta Kigoma, na kule kwao wanahesabu kwamba nguo ile imeshasaidia mtu.

Tuanze na kinachookolewa. Takwimu inayotajwa sana ni kwamba fulana moja ya pamba hula lita 2,700 za maji, kuanzia shambani mpaka iwe nguo. Ni kweli kwa wastani, lakini inataka akili. Pamba ya Igunga na Nzega hunyeshewa na mvua, na maji ya mvua yangeshuka pale hata kama pangekuwa na mahindi. Hasara kubwa iko kwenye pamba ya umwagiliaji. Mfano wake mbaya kabisa ni Ziwa Aral, kati ya Kazakhstan na Uzbekistan. Lilikuwa la nne kwa ukubwa duniani. Kuanzia miaka ya 1960 mito yake miwili mikubwa, Amu Darya na Syr Darya, ilichepushwa kwenda kwenye mashamba, mengi yakiwa ya pamba. Kufikia 2007 lilikuwa limebaki kama sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake wa zamani, na mashua zikabaki zimelala mchangani. Mtu anayekaa Kibirizi, ufukweni hapa kwetu, hahitaji kuelezwa zaidi maana ya ziwa kuondoka.

Poliesta nayo haili maji shambani, kwa sababu hailimwi. Inatokana na mafuta ya petroli na ni plastiki iliyovutwa ikawa uzi. Siku hizi ndiyo inayoongoza duniani kwa wingi wa nyuzi, kwa hiyo ndiyo inayojaa kwenye mabalo pia. Haiozi. Kila ikifuliwa huachia vinyuzi vidogo visivyoonekana kwa macho. Hapa ndipo Ziwa Tanganyika linapotofautiana na mto. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo. Maji yake mengi hayatoki kwa kutiririka, yanatoka kwa kukauka juani. Jua linachukua maji na kuiacha plastiki. Kinachoingia humo kinakaa na dagaa na migebuka kwa muda mrefu kuliko umri wa wajukuu wetu.

Wengine hupinga mtumba kwa hoja ya usafiri: nguo imetoka mbali mno, itakuwaje nzuri kwa mazingira? Hoja hiyo ni nyepesi. Meli hubeba mzigo mwingi kwa mafuta kidogo kwa kila kilo, na moshi wa safari nzima ya nguo moja ni mdogo sana ukilinganisha na moshi wa kusokota, kufuma na kutia rangi nguo mpya. Zaidi ya hayo, nguo mpya nayo haioti Kigoma. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Viwanda vya ndani ni hoja nzuri ya uchumi, lakini kwa mazingira peke yake marufuku haisaidii kitu kama mahali pa mtumba patachukuliwa na gauni jipya la poliesta nyepesi linalochanika kwapani ndani ya miezi mitatu.

Halafu kuna neno kurejeleza, yaani kukirudisha kilichochakaa kiwe cha kutumika tena. Watu wakilisikia hufikiria mashine inayomeza nguo kuukuu na kutoa mpya. Mashine za kusaga nguo zipo, na miji inayosifika kwa kazi hiyo ni Panipat kule India na Prato nchini Italia. Lakini nguo ikisagwa nyuzi zake hukatika zikawa fupi, na uzi wa nyuzi fupi ni dhaifu. Lazima uchanganywe na nyuzi mpya, au uishie kuwa blanketi la bei rahisi na vijazio vya magodoro. Nguo ya kuvutika, ile yenye spandeksi, hujizungusha kwenye meno ya mashine na kuleta shida. Ndiyo maana chini ya asilimia 1 ya malighafi ya nguo duniani hurudi kuwa nguo tena. Kwa hiyo mimi nikisema kurejeleza hapa Kigoma nina maana ya mkasi, sindano, msasa na gundi. Havina sifa kubwa, ila kazi vinafanya.

Kazi inaanzia kwenye fungu, kabla hujatoa hela. Nguo ya pamba ina maisha matatu au manne mbele yake, ya poliesta nyembamba ina moja. Ukimuuliza muuzaji, "Kaka, hii pamba?" jibu huwa moja, "Pamba tupu, mama!" Tafuta lebo mwenyewe. Kama imekatwa, kunja kitambaa kwenye ngumi kwa sekunde kumi kisha achia: pamba hubaki imekunjamana, poliesta hurudi ilivyokuwa. Tone la maji husaidia pia, maana pamba hulinywa mara moja wakati poliesta huliacha limesimama kama umande kwenye jani la myugwa. Nyumbani, kipimo cha uhakika ni moto. Chomoa uzi mmoja wa kitambaa chenyewe (uzi wa mshono mara nyingi ni poliesta hata kwenye nguo ya pamba, kwa hiyo usichukue huo), ushike kwa kibanio juu ya kisahani, uwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Sufu hunuka nywele zilizoungua na hujizima yenyewe. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na huacha kidonge kigumu cheusi. Ukipata jivu lenye chembe ngumu ndani yake, hiyo ni mchanganyiko, na mashati ya ofisini mengi yako hivyo.

Angalia pia kwapa, msamba, na goti, kwa kuinua nguo uitazame dhidi ya mwanga. Kitambaa kinachopitisha mwanga mahali pamoja kuliko kwingine kimekwisha hapo, hata kama hakijatoboka. Zipu iliyokufa isikufukuze, zipu hubadilishwa. Nguo za ndani za mitumba Shirika la Viwango, TBS, limezipiga marufuku, sina la kuongeza.

Nguo nyingi nzuri za Kigoma hufa kabla ya wakati kwa sababu ya doa la mawese. Inasikitisha, maana doa hilo linatoka. Mawese yana vitu viwili ndani yake, mafuta na rangi, na kila kimoja kina dawa yake. Likidondoka, ondoa yaliyo juu kwa mgongo wa kijiko bila kusugua, kisha nyunyiza unga wa sembe au wa muhogo, uache dakika 15 hadi 20 unyonye, ukung'ute. Usimwage maji bado. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo moja kwa moja kwenye nguo ikiwa kavu, sugua taratibu kutoka ukingoni kuelekea katikati ili doa lisipanuke, acha dakika 10. Ukitanguliza maji, yanajaa kwenye nyuzi na sabuni inashindwa kuyafikia mafuta. Baada ya hapo tumia maji ya moto kiasi mkono unavyovumilia, suuza, shika: kama pale mahali bado panateleza, rudia. Mafuta yakishatoka itabaki rangi ya njano au ya chungwa. Hiyo iachie jua. Anika nguo ikiwa mbichi, doa likitazama juu, na ndani ya saa chache rangi inafifia, kwa sababu rangi ya mawese ni jamii ileile ya rangi ya karoti na haivumilii mwanga. Kosa la kwanza la watu ni kukimbilia jiki, ambayo hudhoofisha pamba, huharibu nguo za kuvutika, na mafuta huyaacha palepale yakisubiri vumbi. Kosa la pili ni kupiga pasi kabla doa halijaisha, ukayakaanga mafuta ndani ya kitambaa. Na ujue kuwa poliesta hung'ang'ania mafuta kuliko pamba, kwa hiyo kwake rudia mara tatu kabla hujakata tamaa.

Kuhusu kufua penyewe. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, ingawa ukipita ufukweni asubuhi utadhani haijatungwa. Chota ndoo, panda nayo juu, fulia huko, mwaga maji kwenye udongo wenye majani. Udongo huchuja sehemu kubwa ya vinyuzi na povu kabla havijafika popote. Masweta ya manyoya ya poliesta, yale laini kama kifaranga, ndiyo yanayoachia vinyuzi vingi zaidi. Yafue mara chache, kwa maji baridi, bila kuyapiga kwenye jiwe.

Jinzi ndiyo mali kubwa kuliko zote kwenye balo, na ndiyo inayopotezwa ovyo. Inapochanika goti watu huiona imekufa, wakati kitambaa cha mapaja kwa nyuma bado kina miaka. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, mfuko wa sokoni ni kitu kila nyumba inakihitaji, na suruali moja ya mtu mzima inatoa mfuko mmoja mzuri na masalia ya viraka. Fumua mshono wa ndani wa kila mguu, usiukate, ili upate upana wote. Kata vipande viwili vya sentimita 40 kwa 45 kutoka mapajani. Sehemu ya goti iepuke, na kama ni lazima itumike iweke juu karibu na mdomo, kamwe isiwe kitako. Mikono ya mfuko itokane na mkanda wa kiunoni uliokatwa nusu kwa nusu, na kila ncha ishonwe mraba wenye msalaba ndani, maana mshono mmoja wa mlalo ndio unaokatika siku ukibeba kilo tano za mchele.

Fundi akilalamika kwamba jinzi inavunja sindano, mara nyingi tatizo si jinzi. Sindano namba 11 au 14 ya vitambaa vyepesi haina nguvu hapa, weka namba 16, na kwenye mikunjo mizito 18. Hatua ya mshono iwe milimita 3 hadi 3.5. Pale mishono miwili inapokutana, gonga mkunjo kwa nyundo juu ya kigogo mpaka ulale, kisha zungusha gurudumu la cherehani kwa mkono ukipita hapo. Sindano huvunjika kwa sababu mguu wa cherehani unapanda kilima, unainama, sindano inapinda na kugonga bati. Kipande cha jinzi kilichokunjwa, ukikiweka nyuma ya mguu ili ukae sawa, kinamaliza ugomvi.

Nguo ambayo kweli haivaliki tena, itenge kwa aina. Mafundi wa gereji wanajua hili kuliko wataalamu: tambara la pamba hunyonya oili, la poliesta huipaka tu kutoka hapa kwenda pale. Pamba iende gereji na kwenye dekio, ikatwe vipande vya sentimita 40 hivi, vifungo na zipu vimeshatolewa ili visikwaruze rangi ya gari. (Vifungo usitupe, weka kwenye kopo. Nusu ya mashati ya mtumba yanakosa kimoja.) Mafundi samani wawe na tahadhari. Tambara lenye mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta likikunjwa na kurundikwa pembeni hujipasha moto lenyewe mpaka kuwaka, kwa sababu mafuta hayo yakikauka hutoa joto na rundo halina pa kulipumulia. Litandaze nje likauke likiwa moja moja.

Mafundi boti nao wanaijua tofauti ya pamba. Kalafati, ule uzi unaosukumwa kwa patasi butu kati ya mbao na mbao, inataka nyuzi zinazovimba zikilowa. Pamba huvimba, ikaziba. Poliesta hainywi maji, haivimbi, na boti itavuja hata ukiijaza kiasi gani. Vipande virefu vya shuka la pamba, vilivyosokotwa kama kamba nyembamba na kulowekwa kwenye mafuta, vinafaa. Vya shuka la mchanganyiko havifai, na ndiyo maana kile kipimo cha moto si mchezo wa watoto.

Fulana za kuvutika zina kazi yake. Zikate kwa mzunguko, utepe wa sentimita 3 usiokatika kuanzia pindo mpaka kwapani, uuvute ujikunje wenyewe uwe kama kamba. Suka tepe tatu tatu kama unavyosuka ukili wa mkeka, halafu shona ukili huo kwa kuuzungusha, duara au yai, kwa uzi wa nailoni. Zulia la mlangoni la sentimita 45 kwa 70 linakula fulana sita au saba. Likianza kujikunja juu kama bakuli, umevuta sana. Kila mzunguko wa nje ni mrefu kuliko wa ndani, kwa hiyo ukili wa nje lazima ulegezwe kidogo, hasa kwenye kona. Likijikunja kama sketi ya marinda umelegeza mno. Hakuna dawa ya kukanyaga likanyooka, fumua mzunguko mmoja urudie.

Masalia madogo kabisa, pamoja na vipande vya vitenge vinavyozagaa chini ya cherehani za mafundi wetu, yanajaza mito. Mto wa sentimita 50 kwa 70 hutaka kilo moja hadi moja na nusu, yaani kama fulana saba mpaka kumi. Vipande viwe vidogo, sentimita 2 au 3. Wengi hukata tepe ndefu kwa uvivu, zikajifunga ndani, na baada ya mwezi unalalia mafundo. Vikaushwe juani mpaka vikauke kweli, maana unyevu kidogo ukifungiwa ndani msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, ni ukungu na harufu. Poliesta inakubalika hapa. Kwenye mto haifuliwi kila wiki na haiendi ziwani, na kwa kweli hii ni sehemu moja ambayo ukaidi wake wa kutokuoza ni faida.

Pamba isiyofaa hata kwa tambara inaweza kwenda kwenye shimo la mboji pamoja na samadi, ikikatwa vidogo na kulowanishwa. Baada ya miezi kadhaa utakuta kitambaa kimekwisha na mishono imebaki imesimama mitupu kama miiba ya dagaa: huo ndio uzi wa poliesta, uokote. Bora mboji kuliko dampo, kwa sababu pamba iliyofukiwa chini ya taka bila hewa hutoa gesi ya methani, ambayo hupasha joto anga mara nyingi zaidi ya hewa ukaa.

Viatu ni kesi ngumu kuliko nguo. Kiatu kimoja cha raba kinaweza kuwa na kitambaa, ngozi, povu, mpira, gundi na chuma ndani yake, vyote vimegandamana, na kuvitenganisha ni kazi isiyolipa. Kwa hiyo kiatu hakirejelezwi kwa kuvunjwa. Kinarejelezwa kwa kutokuachiwa kufa.

Kifo cha kawaida cha kiatu cha mtumba ni cha ghafla: kinang'aa, soli nene laini, halafu wiki ya pili mvuani soli inamomonyoka kama keki. Muuzaji hulaumiwa bure. Soli ile ni povu la poliyurethani, na unyevu wa hewani huikata polepole miaka yote kiatu kinapokaa stoo, hata bila kuvaliwa, na joto huongeza kasi. Kabla ya kununua, bonyeza ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo wa kisigino na ukunje kiatu katikati. Ukucha ukiacha shimo lisilorudi, au ukingo ukinata, au ukaona nyufa ndogo kama za matope makavu, soli imeshakwenda. Hapo nunua tu kama sehemu ya juu ni ngozi nzima na bei inaacha nafasi ya soli mpya.

Kuweka soli mpya, fundi mzuri hufanya hivi, na wewe uliyesimama pale unaweza kumtazama. Huondoa soli ya zamani yote, pamoja na mabaki ya povu, kwa kisu na msasa namba 60 au 80, mpaka sehemu ya chini ya kiatu iwe na ukwaruzo. Hufuta vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, akaacha ikauke. Hupaka gundi nyembamba pande zote mbili. Ngozi hunywa gundi, kwa hiyo yeye huipaka mara ya pili. Kisha anasubiri dakika 10 hadi 15, mpaka ukigusa kwa kidole gundi isivutike uzi. Anaunganisha akianzia kidoleni kurudi kisigino, mara moja, kwa kuwa gundi hii haikubali kusogezwa, anagonga kwa nyundo kote, na anakuambia urudi kesho. Anayekupa kiatu ukavae palepale amekuuzia kazi ya siku tatu. Haraka ndiyo inayoharibu: ukiunganisha gundi ikiwa mbichi, kimiminika chake kinafungiwa ndani na hakina pa kutokea. Siku ya mvua kuna mtego mwingine. Gundi ikikauka hupoza uso wake, unyevu wa hewa ukatulia juu kama ukungu, na pande mbili hazishikani hata ukigonga vipi. Wenye uzoefu huipasha kidogo juu ya jiko la mkaa kabla ya kuunganisha, ila kwa mbali, maana gundi hushika moto upesi. Mshono wa uzi wa nailoni kuzunguka ukingo, matundu yakiachana milimita 6 hadi 8, ndio bima. Uzi ulale ndani ya mfereji uliochimbwa kwa kisu, vinginevyo lami itaukata.

Soli ya tairi ni imara, makatambuga yamethibitisha hilo zamani. Tairi la pikipiki lenye nyuzi za nailoni hukatika vizuri kwa kisu kilicholowanishwa maji ya sabuni. Tairi la gari lenye waya za chuma liache, ncha za waya hutokeza baada ya kukanyagwa na kutoboa nyayo. Na kiatu kilicholowa kikaushwe kivulini, kikiwa kimejazwa magazeti, si pembeni ya jiko. Ngozi hupasuka na gundi hulegea.

Kisichotakiwa kabisa ni moto. Bado wapo wanaowashia mkaa kwa kipande cha ndala au yeboyebo, halafu wanaweka sufuria juu. Viatu vya plastiki ya PVC vikiungua hutoa gesi yenye tindikali inayokereketa koo, pamoja na sumu za jamii ya dayoksini. Ngozi ya kiwandani nayo mara nyingi imetiwa kromiamu, ambayo kwenye moto inaweza kugeuka aina yake yenye sumu ikabaki kwenye majivu. Majivu hayo yasiende kwenye bustani ya mchicha.

Zimebaki ndala, ambazo ndizo taka ya kiatu inayoonekana zaidi ufukweni kwa sababu zinaelea. Ndala ikichomoka kamba, watu hupitisha msumari chini ya kitufe. Msumari hushika kutu, hutanua tundu, na siku moja unakuchoma. Kata kiduara cha sentimita 3 kutoka kwenye kifuniko cha dumu, toboa katikati tundu dogo kuliko kitufe, kipitishe kwa nguvu, na kamba itashika mpaka soli iishe. Soli ikiisha kabisa, povu lake bado halinywi maji. Likikatwa viduara na kutobolewa katikati linafaa kuwa boya la kamba ya juu ya wavu. Liwekwe juu tu, maana kwenye kina cha mita 10 mkandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji, povu laini husinyaa na boya huacha kuelea. Lifungwe kwa fundo kila upande, lisije likachomoka likarudi ufukweni kuwa taka ileile.